Kiingereza cha Jikoni kwa Miss Earlene

Mchungaji alisoma kwenye wasifu kwamba marehemu Mwalimu Perpetua aliongea Kiingereza safi mpaka siku ya mwisho, Kiingereza kisicho na doa, na hapo binti yake Nekesa, aliyekaa mstari wa mbele na miwani nyeusi usoni, akacheka. Wala hakujizuia. Alicheka kwa sauti, kwenye ukumbi wa kanisa kule Woodbridge, jeneza la mama yake likiwa hatua chache mbele yake. Kina mama wa chama walimkimbilia wakidhani uchungu umemzidi, mmoja akaanza kumpepea kwa karatasi ya programu. Mimi nilikuwa nyuma yake tu, nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba, maana na mimi mdomo ulikuwa unanichezacheza. Perpetua alikuwa shangazi yangu. Wasifu ule uliandikwa na kamati, na kamati ilimjua jinsi mwenyewe alivyopenda kujulikana. Sikuwalaumu. Tulikuja huku Amerika vijana, sasa kazi yetu ni kuzikana, na nimechoka na viti vya kukunja, nimechoka na chai ya flaski, nimechoka na kuvaa viatu vyeusi vinavyonibana kwenye vidole. Mchungaji akaendelea na sifa za marehemu, kanisa lake, bidii yake, ukarimu wake, na mimi nikawa nimeshaondoka pale ukumbini. Nilikuwa nimerudi Riverdale Park, mwaka wa tisini na nane, kwenye ile nyumba ya ghorofa karibu na reli.

Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, sisi tukiwa ghorofa ya juu. Treni ya mizigo ikipita, vikombe viligongana kabatini na Shangazi alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja mabehewa yote yaishe, kisha akamalizia palepale alipoachia. Kupayuka hakukupenda. Sebuleni tulikuwa na kochi la kijani tuliloliokota kando ya barabara, Shangazi akalifunika vitambaa vyake vya kufuma, vile vya maua ya manjano, ili mgeni asione doa. Mimi nilikuwa na chumba kidogo nilichokaa na ubao wa pasi na masanduku ya watu wengine. Shangazi alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee kule Wheaton, zamu ya mchana, na mara nyingi akaombwa abaki jioni pia. Mimi nilienda chuo asubuhi na kazini jioni, mahali palepale pa Wheaton. Nikimkumbuka mwaka ule namwona amekaa kwenye lile kochi na yunifomu yake ya zambarau, miguu ndani ya karai la maji ya moto na chumvi, macho yamefumba, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai ambayo imeshapoa. Nyumbani alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na wanafunzi walijipanga mstari akipita. Huku aliogesha wazee, akawageuza, akawalisha, na wengi wao hawakukumbuka jina lake kutoka asubuhi hadi mchana.

Nekesa alifika Januari, ndani ya koti kubwa lililofika chini ya magoti. Alikuwa na umri wa miaka minane, na mama yake alikuwa amemwacha kijijini kwa nyanya yake akiwa mdogo wa kubebwa. Alimwita Mwalimu, kwa sababu nyanya yake alimwita hivyo, na kijiji kizima kilimwita hivyo. "Mwalimu, naomba maji." "Mwalimu, choo iko wapi?" Shangazi aliitika kila mara kwa sauti ya kawaida, kisha nikamwona akigeukia sinki na kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Zaidi ya hayo mtoto hakuongea. Shuleni walimweka darasani na akakaa kimya, nyumbani akakaa kimya, na akipewa chakula alikula akiangalia mlango. Tatizo kubwa likawa ni saa za kutoka shule. Mimi nilikuwa ndiyo naondoka kwenda kazini, Shangazi bado hajarudi, na huku mtoto wa umri ule akiachwa peke yake watu wa serikali wanakuja kumchukua. Wiki za mwanzo tulibahatisha kwa kubadilishana zamu na kuomba ruhusa, mpaka msimamizi akamwambia Shangazi kwamba ruhusa zimeisha.

"Nikikosa mtu wa kukaa na yeye, nitamrudisha kwa nyanya yake," Shangazi aliniambia tukiwa jikoni. "Siwezi lose hii kazi, Nafula. Nikiilose tunarudi sisi wote."

"Hata mwezi mbili hajamaliza, Shangazi."

"Najua. Unafikiri sijui?"

Aliongea kwa sauti ndogo, lakini nyumba yenyewe ilikuwa na kuta kama kadibodi. Kule sebuleni Nekesa alikuwa amekaa kwenye kochi na koti lake bado liko mwilini.

Aliyetuokoa ni jirani wa mlango wa pili. Ilikuwa ni kwenye ngazi, mimi na Shangazi tukibishana kwa Kiswahili kuhusu nani atabaki siku hiyo, mlango ukafunguka na mama mmoja Mmarekani mweusi, mnene, mwenye aproni na miwani ya kuning'inia kifuani, akatokea mikono imeinuliwa. "Hamjambo! Mimi nasikia Kiswahili!" Huyo ndiye Miss Earlene. Alikuwa amestaafu upishi wa jikoni kwenye shule ya watoto wadogo, na katika ujana wake, enzi za nywele kubwa, kama alivyosema mwenyewe, alisoma Kiswahili jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa lao. Kilichobaki kilikuwa kidogo na alikitumia chote. "Mimi hapana sina mume," alituambia siku hiyohiyo ya kwanza. "Mimi hapana sina kazi. Mtoto akae na mimi." Shangazi alimpenda pale pale. Usiku huo, akila, alirudia maneno yale huku akitabasamu, hapana sina, hapana sina, jinsi mtu anavyorudia maneno ya mtoto anayejifunza kuongea. Hakumsahihisha hata siku moja. "Anajaribu, jameni," alisema. "Mtu amejifunza lugha yetu na hakuna aliyemlazimisha."

Jikoni kwa Miss Earlene palipakana na jikoni kwetu, ukuta mmoja. Mimi nilipajua vizuri kwa sababu siku ambazo sikuwa na zamu nilikuwa napitia kumchukua Nekesa, na kutoka kwake bila kula haikuwezekana. Kulikuwa na meza ya bati yenye kingo za chuma, redio juu ya friji, na simu yenye waya mrefu aliyoibana begani huku akikoroga chungu. Karibu na jiko palikaa kopo la mafuta ya nyama ya nguruwe, lisilo na kifuniko, na kila kilichopikwa humo jikoni kilianzia kwalo. Siku ya kwanza alimwekea Nekesa sahani, na mtoto akainama kuiangalia kwa karibu. Ilikuwa sukuma wiki. Imepikwa mpaka ikalainika kabisa, imetiwa nyama ya moshi, lakini ilikuwa sukuma wiki, na pembeni yake kipande cha mkate wa mahindi, kama ugali uliotiwa sukari. Nekesa aliinua macho akamwangalia Miss Earlene, kisha akala vyote. Alivua koti siku hiyo.

Wiki chache baadaye, siku moja nikiwa nyumbani, Shangazi amerudi mapema na miguu iko kwenye karai, tukasikia sauti ukutani. Ilikuwa sauti ya Nekesa. Alikuwa anaongea, si neno mojamoja, anahadithia, kuhusu mvulana wa darasani na sungura wa shule, maneno yanafuatana mbio, na Miss Earlene anaitikia "mm-hmm, mm-hmm". Shangazi aliweka kikombe chini. Aliniangalia, na macho yake yalikuwa yameshajaa. Halafu ikaja ile sentensi, wazi kabisa kupitia ukutani: "And he ain't had no carrots, and I ain't had none neither." Sungura alikosa karoti, na yeye Nekesa pia hakuwa nazo. Miss Earlene akacheka, akasema, "Wasn't nobody brought no carrots?" Hakuna aliyeleta karoti? Nikamwona Shangazi uso ukibadilika. Alikuwa amesikia sauti ya mtoto wake na makosa ya mtoto wake kwa wakati mmoja, na hakujua ashike lipi.

Nimefikiria sana jinsi Kiingereza kile kilivyotuingia. Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba ukikataa mara mbili katika sentensi moja umekubali, na mwalimu aliandika ubaoni kama hesabu. Huku nilikuta watu wanakataa mara mbili, mara tatu, na hakuna aliyewaelewa vibaya. Dereva wa basi alisema hivyo. Wazee wa pale Wheaton walisema hivyo, weusi na baadhi ya weupe pia, wale waliotoka mashambani. Msimamizi wetu, aliyekuwa mzungu mwenye elimu yake, alisema hivyo akikasirika au akitania, kisha akarudi kwenye Kiingereza cha ofisi kama mtu anayevaa viatu. Hakuna aliyetufundisha. Mtu anakupa chakula na maneno pamoja, unakaa kwenye chumba cha mapumziko mnacheka, mmoja anasimulia shida yake na wewe unataka aone kwamba umeshika, unajibu kwa sauti yake. Siku moja pale stesheni ya Wheaton mzee fulani aliniomba kiberiti, nikasema "I ain't got none, sir," na nilikuwa nimeshapanda treni kabla sijajisikia nilichosema. Sikuona aibu. Nilikuwa nimechoka mno kuona aibu.

Shangazi aliiona aibu hiyo kwa niaba yetu wawili, mimi na Nekesa, kwa sababu hiyo akaleta diski. Waliosoma kwetu wanaijua. Ilikuwa kipande cha ubao, au mfupa, au bati, chenye kamba, na mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama shuleni alivishwa shingoni. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake, na jioni aliyekutwa nacho alichapwa. Shangazi alichukua kifuniko cha chupa ya mayonezi, akakitoboa kwa msumari, akapitisha uzi wa kufumia, wa manjano. Hakuna kuchapwa, alisema, hii ni Amerika. Ni kuvaa tu, na ni kwa yule atakayeweka hapana mbili kwenye sentensi moja ya Kiingereza. Mtu akitoka nyumbani anakiacha kwenye msumari wa mlangoni.

Mwanzoni tulicheka. Mimi nilikivaa mara nyingi, nikapikia ugali kikinipiga kifuani. Jumapili moja Kasongo, kijana Mkongomani wa ghorofa ya chini aliyekuwa anakuja kula kuku wetu, alivishwa, akabisha. "Lakini Mama, kwetu mu Français, ukikataa mara moja tu, banasema haukukataa muzuri. Lazima mara mbili."

"Hiyo ni Kifaransa," Shangazi akasema. "Hapa kwa hii meza ni Kiingereza."

"Donc mi navaa, mi nakula," Kasongo akajibu, na akakivaa mpaka mwisho wa chakula kama tai.

Lakini siku za kawaida hakukuwa na Kasongo, na kifuniko kilirudi kwa Nekesa. Alijifunza upesi njia ya kukikwepa. Aliacha kuongea. Akiulizwa kama anataka chakula zaidi alitikisa kichwa, akiulizwa shule ilikuwaje aliinua mabega. Jioni tulikaa watatu mezani tukisikia vijiko vyetu, na mchana, kupitia ukutani, mtoto yuleyule aliongea bila kupumua.

"Shangazi," nilimwambia, "si alikuwa ameanza kuongea?"

"Ataongea nini? Aongee hivyo mbele ya nani?" Alikuwa anapiga pasi yunifomu, na hakuinua macho. "Unajua kazini wananiuliza kama Kiingereza nilifundishwa kwa ndege nikikuja huku? Mimi, Nafula. Wananisikia accent wananiongelesha polepole kama mgonjwa. Sasa huyu aongee vibaya juu ya hiyo? Sikukuja na kitu ingine huku. Kiingereza ndio nilikuja nayo, na ndio nitamwachia."

Hata leo, nikikumbuka jinsi baadhi ya watu walivyokuwa wanamwongelesha, jibu sina.

Ilikuwa Ijumaa moja, maua ya miti ya barabarani yameshatoka, na asubuhi tulichelewa wote. Nekesa alikuwa amevishwa kifuniko wakati wa chai. Akavaa sweta juu yake, tukamkimbiza kwenye basi la shule, na msumari wa mlangoni ukabaki mtupu bila mtu kuuangalia. Mchana nilikuwa nyumbani nikijiandaa kwenda kazini. Nikasikia Nekesa anaingia kwa Miss Earlene, nikasikia kiti, nikasikia redio. Halafu Miss Earlene akauliza, kwa Kiingereza, "What's that on your neck, baby?"

Nilisimama na soksi moja mkononi.

Nekesa hakuwa mtoto wa kudanganya. Alimwambia kama alivyoelewa. "It's for when you talk like Miss Earlene." Kinavaliwa na mtu akiongea kama Miss Earlene.

Redio ilizimwa. Baada ya hapo sikusikia chochote, hata sahani, mpaka nikaondoka kwenda kazini nikiwa nimechelewa, na kwenye ngazi nilipita mbele ya mlango wake kwa vidole kama mwizi.

Kilichofuata jioni Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikuwa ndiyo amefika, hata viatu hajavua, akasikia mlango unagongwa. Miss Earlene alisimama na mtoto kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mkono mwingine. Kwa kawaida alikuwa akianza na Kiswahili chake, habari ya leo, Teacher, na kucheka kwake. Siku hiyo alitumia Kiingereza, polepole, neno kwa neno. "Good evening. I will not be able to keep your daughter on Monday. I do not have any hard feelings." Yaani Jumatatu hataweza kukaa na mtoto, na hana kinyongo. Akaweka kifuniko kiganjani mwa Shangazi na kurudi kwake. Shangazi aliniambia kwamba ilikuwa sentensi safi, zote mbili zilikuwa safi, hata kwa kalamu nyekundu asingepata pa kuanzia. Alilirudia hilo mara kadhaa, na kila aliporudia sauti ilipungua.

Jumamosi alipiga simu kwa kila mtu tuliyemjua kanisani. Mmoja alikuwa na zamu, mwingine alikuwa na watoto wake na nyumba imejaa, mwingine alisema ataomba kwa ajili yetu. Mchana nikasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda. Nilienda mlangoni nikamkuta Shangazi ameketi sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi, halina kitu ndani, na Nekesa amesimama pembeni. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtoto aliangalia sanduku, akaenda kwenye kona, akachukua viatu vyake vya shule akaviweka ndani, kisha akachukua lile koti kubwa.

"Mwalimu," akauliza, "na hii, nyanya atataka?"

Shangazi alichukua koti akaliweka mapajani. Mimi niliondoka pale mlangoni, kwa sababu sikuweza kuvumilia, nikaenda kukaa bafuni nimefungua maji. Nilikuwa nalia kwa uchovu kama kwa huzuni. Zamu yangu ilikuwa jioni.

Jumapili, baada ya ibada, Shangazi hakubadilisha nguo. Alipika kuku, wa kwetu, wa mchuzi mwingi, akaniambia nibebe sufuria. Halafu akachukua kifuniko kutoka mezani akajivisha shingoni, juu ya gauni lake la kanisani, akashika mkono wa Nekesa na kugonga mlango wa pili. Miss Earlene alifungua. Alimwangalia usoni, akaangalia kifuniko, akasogea pembeni kidogo tupite. Tuliingia mpaka jikoni. Hakuna aliyeketi.

Shangazi alianza Kiingereza, akaacha. Akaanza tena, Kiswahili.

"Nilivishwa hii nikiwa kama huyu," alisema, akimgusa Nekesa kichwani. "Mwalimu aliniuliza kitu, sikuwa najua jibu. Nikasema kwa lugha ya mama, semanyile ta. Sijui. Ni hiyo tu nilisema, sijui. Akanivisha. Nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo. Kesho yake nikatafuta mtu wa kumpea, na mwenye nilimpata ni ndugu yangu, baba ya huyu Nafula. Nilimfuata mpaka akaongea. Akachapwa yeye." Alikuwa ameshika kifuniko kwa vidole viwili. "Mimi ndio nilijua hivyo kufundisha. Sikuonyeshwa ingine."

Hilo la baba yangu sikuwa nimewahi kulisikia. Wala lile neno sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo, semanyile ta, ambalo katika lugha yetu hapana iko mwanzoni na nyingine iko mwishoni, na hakuna Mbukusu aliyewahi kuona ni nyingi. Miss Earlene sijui alielewa kiasi gani. Alikuwa ameegemea jiko, mikono ndani ya aproni, midomo ikitembea kidogo kama anayetafsiri. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha chumba cha chini cha kanisa:

"Na hakuna mtu hapana kusema hapana? Kwa mwalimu?"

Shangazi alimwangalia. Mtu ambaye alikuwa hawezi kuacha kosa lipite hata kwenye tangazo la dukani.

"Hakuna mtu hapana," akajibu.

Miss Earlene alivuta droo, akatoa mkasi wa kukatia kuku, akamsogelea na kuukata ule uzi wa manjano kwa nyuma ya shingo. Kifuniko akakiosha kwa sabuni, akakikausha na aproni, akakiweka juu ya kopo la mafuta ya nguruwe. Kilikuwa kipana mno na kina tundu katikati. Akakirekebisha hata hivyo. "Ain't nobody wearing nothing round they neck in my kitchen," akasema, kwamba jikoni kwake hakuna mtu atakayevaa kitu shingoni. Halafu akamgeukia Shangazi. "Mimi bado nina hasira. Hasira hapana haijaisha. Lakini mtoto anakuja kesho."

"Asante, dada," Shangazi akasema, na mimi nikamvutia kiti. Nekesa alikuwa anaangalia mmoja, kisha mwingine. Akasema kwa sauti ndogo, ile ya upande wa pili wa ukuta, ambayo mama yake alikuwa hajawahi kuisikia ana kwa ana, "So I ain't going nowhere?"

Siendi popote, basi? Wote watatu tulimwangalia Shangazi.

"No, baby," akasema. "Hauendi."

Hasira ya Miss Earlene ilichukua muda wake. Ilikuwa kiangazi kabla hajaanza tena kumwita Shangazi Teacher. Sanduku lilirudi chini ya kitanda, na viatu vilibaki ndani yake siku kadhaa kabla mtu hajakumbuka kuvitoa. Shangazi hakuacha Kiingereza chake cha kalamu nyekundu. Alimfundisha Nekesa mezani kila Jumamosi, na mtoto akakijua vizuri mno, mpaka kikampa kazi mahakamani alipokuwa mtu mzima. Lakini kile cha ukutani hakukigusa tena. Kwenye majira ya majani kudondoka nilirudi siku moja nikawakuta wote kwa Miss Earlene, Shangazi miguu imo ndani ya karai la jirani, anasimulia habari za msimamizi wa Wheaton, na katikati ya hasira zake akasema, "She don't know nothing!" Hajui kitu yule. Miss Earlene alipiga meza kwa kicheko. Nekesa alimwangalia mama yake, mdomo wazi, kisha akaliangalia lile kopo la mafuta. Shangazi hakujua alichosema, na sisi hatukumwambia.

Miss Earlene alitangulia zamani. Sasa na Shangazi naye. Baada ya mazishi tulikaa kwenye ukumbi na sahani za chapati na ndengu, na nilimuuliza Nekesa kwa nini alicheka vile, watu wamemsema. Alivua miwani yake. Macho yalikuwa yamevimba na amechoka kama mama yake alivyokuwa anachoka, kuanzia mabega.

"Because that pastor wasn't there," akasema. Mchungaji hakuwepo hospitalini. Alikuwepo yeye, asubuhi ile ya mwisho, ameketi kando ya kitanda, na mama yake alikuwa hajaongea tangu jana yake. Wauguzi walikuwa wameuliza kama anataka maji, kama anataka mto, kama ana maumivu, na hakujibu. Kwa hiyo Nekesa akajaribu Kiswahili chake, ambacho ni kibovu na anakionea aibu. "Mama, unataka kitu?" Shangazi alifumbua macho, akamtafuta, akampata.

"She said, 'I don't want nothing, baby. You here.'"

Nekesa alirudi kwenye chapati yake. Mimi nilishindwa kula. Nilikuwa nairudia moyoni kwa Kiswahili cha Miss Earlene, jinsi angeisema yeye, amesimama pale kando ya jiko: mimi hapana sitaki kitu, mtoto. Wewe upo hapa.